Sanduku la Kumkomesha Opareta

Wacha niseme mapema, usije ukanisifu bure. Kile kitu nilichokifunga kwa simu ya baba mwishoni mwa miaka ya tisini sikukifunga kwa sababu ya maendeleo. Majirani walisema, ona huyu karani wa kiwandani, ameleta kompyuta tatu kwa boma moja, ameleta maendeleo. Maendeleo gani? Mimi nilikuwa na kisasi. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekaa posta ya soko letu, na kwa miaka karibu mitatu nilikuwa nikilala nikimfikiria na kuamka nikimfikiria, na hakuna kitu kizuri nilichomfikiria.

Huyo mwanamke alikuwa opareta. Watoto wangu hawaamini nikiwaambia, lakini simu yetu haikuwa na namba za kupiga. Uliinua mkono wa simu, taa ndogo ikawaka kwa meza yake kule sokoni, akachomeka waya na kusema, "Posta, namba gani?" Ukamwambia namba, akakuunganisha, halafu akatoa sikio lake ili muongee mambo yenu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sehemu ya mwisho ndiyo ilimshinda.

Mchana mmoja, siku ya Jumatano, dada yangu mdogo alipiga simu. Alikuwa anasomea unesi mbali na nyumbani. Baba alikuwa amepeleka majani chai kwa kituo cha kununua, mama alikuwa shambani, kwa hivyo ni mimi niliinua. Alikuwa analia. Alikuwa mjamzito na yule kijana alikuwa amemkana. "Usiambie mtu," akasema. "Hata mama. Nipe wiki mbili nijipange, nitakuja nimwambie baba mwenyewe." Nikaapa. Na nilinyamaza kweli, sikumwambia hata mke wangu. Lakini wakati dada alipokuwa akipenga kamasi, nilisikia mtu wa tatu akivuta pumzi kwa ile laini.

Jumapili, baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikutana mlangoni mwa kanisa na mzee mwenzake. Mzee mwenzake akamshika mkono na kumpa pole. Pole ya nini? Pole ya msichana, bwana, mambo ya vijana wa siku hizi. Baba yangu alisikia habari ya binti yake akiwa amesimama na Biblia kwapani, watu wakipita wakijifanya hawaangalii. Na bibi ya huyo mzee mwenzake alikuwa nani? Dada ya opareta, toka nitoke! Sikuhitaji mpelelezi.

Baba alirudi nyumbani na hakula. Jioni alisema sentensi moja tu: "Asikanyage hapa mpaka mimi niseme." Kwetu, baba akisema hivyo, msichana hawezi kupitia upande wa jikoni eti kwa sababu mama anamtaka. Anangoja. Mdomo uliofunga lango ndio unaofungua.

Dada aliacha masomo, akazalia Nairobi kwa rafiki yake, akapata kazi ya ofisi katika kampuni fulani ya maua. Hakupiga simu tena. Alimtumia mke wangu ujumbe kwa mdomo wa mtu: "Sitampa huyo mama wa posta neno lingine la kutafuna." Barua nazo zilikuwa shida. Sanduku la posta lilikuwa la baba, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba, na bahasha yenye mwandiko wa dada aliirudisha bila kuifungua. Mama alikaa karibu miaka mitatu bila kujua mjukuu wake anatambaa au anatembea. Alikuwa akiosha vibuyu vya maziwa, anasimama katikati ya kazi na kibuyu mkononi, anasahau anafanya nini. Nilikuwa nikimwona hivyo na roho inanichemka, na kila mara ilichemkia upande wa posta.

Halafu ofisi ya dada ikapata barua pepe. Na kiwandani kwetu, ambako nilikuwa karani wa kuingiza kilo za majani kwa kompyuta, zikaja mashine mpya, na meneja akasema anayetaka zile kuukuu achukue. Nilichukua tatu. Nilizipakia kwa trela ya trekta, juu ya magunia ya majani, nikazileta nyumbani nimezikumbatia moja moja.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Simu ilikaa sebuleni kwa baba. Mimi nilikuwa na nyumba yangu upande wa chini wa boma, na mama alikuwa na chumba chake nyuma ya jiko. Mashine ya kwanza ingekaa kando ya simu, bila skrini, bila kibodi, sanduku tupu. Kazi yake ingekuwa kupiga simu Nairobi, kuchukua barua na kuzigawa kwa waya, moja kwangu, nyingine kwa mama, bila kupita mbele ya macho ya baba. Wenye kujua wanaita sanduku hilo ruta. Baba nilimwambia ni kitu cha kuzuia radi isiharibu televisheni. Radi ya kwetu si ya mchezo, kwa hivyo alikubali, na mama akalifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Waya niliupitisha ndani ya mpira wa maji, nikauzika ukingoni mwa chai ili ng'ombe wasiutafune.

Sasa, sanduku bila mfumo wa kuliendesha ni bati tu. Hapo ndipo nilipokaa wiki nzima nikivutana na nafsi yangu. Kiwandani kulikuwa na karani mwenzangu, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mpole, wa tai kila siku hata wakati wa mvua. Yeye aliniletea mfumo wa ofisini, ule wa madirisha na kipanya. "Omera, ndugu yangu, chukua hii," akaniambia. "Ina picha. Ikikusumbua, ofisi nzima tunaijua, utauliza. Hiyo nyingine utauliza nani?" Hiyo nyingine ilikuwa Linux, niliyopewa na rafiki aliyetoka chuo kikuu, kwa disketi chache zilizofungwa na mpira. Hiyo haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa skrini nyeusi na maandishi, na kila kitu unachotaka ifanye unakiandika wewe mwenyewe, herufi kwa herufi, na ukikosea nukta moja inakaa kimya inakutazama.

Nilizijaribu zote mbili kwa meza yangu ya kulia. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hana subira na upuzi, alikula wiki hiyo akiwa amepakata sahani. Mfumo wa ofisini ulifanya kazi vizuri, siwezi kuusingizia. Lakini ulitaka nafasi kubwa kuliko mashine yangu ilivyokuwa nayo, na umeme ukipotea na kurudi, ulitaka mtu wa kubonyeza. Nani angebonyeza? Baba? Linux nayo nilifaulu kuibana ikaingia yote kwa disketi moja. Unafunga kile kidude cha disketi ili kitu kisibadilike ndani, umeme unapotea, unarudi, sanduku linaamka lenyewe na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Ningekuwa mtu mzuri, ningekuambia nilichagua kwa sababu ya umeme.

Sikuchagua kwa sababu ya umeme. Nilichagua kwa sababu ya mstari mmoja kwenye karatasi za maelekezo. Mstari huo ulihusu simu ikikatika, sanduku lijaribu tena mara ngapi. Ukiandika tatu, linajaribu mara tatu kisha linatulia. Ukiandika sufuri, haliachi. Linapiga mpaka lipate, hata kama ni siku saba. Niliusoma mara mbili. Halafu nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilikuwa namwona opareta na taa yake. Anachomoa waya, taa inawaka. Anachomoa, inawaka. Hakuna mtu wa kugombana naye, hakuna wa kusengenya, ni sanduku tu lisilojua aibu wala kuchoka. Hapo hapo nikafunga mjadala. Siku iliyofuata nilimrudishia mwenzangu disketi zake, nikamshukuru na kumdanganya kwamba ni mambo ya umeme.

Lakini sikuandika sufuri mara moja. Niliandika tatu. Sufuri niliiweka kama mtu anavyoweka jiwe mfukoni.

Kulikuwa na jambo moja la kupanga. Sanduku haliwezi kusema namba, na bila opareta hakuna Nairobi. Adui yangu ndiye alikuwa na ufunguo. Kwa hivyo niliinua simu, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano nikamwambia neno zaidi ya namba.

"Mama, kuanzia leo, ukiona taa yetu imewaka na usikie hakuna mtu anaongea, tuunganishe na namba hii ya Nairobi."

"Hakuna mtu? Sasa nani ataongea?"

"Mashine."

"Mashine itasema nini?"

"Hiyo haikuhusu," nikasema, na nakuambia, utamu wa hayo maneno nilikaa nao mdomoni mpaka jioni.

Na ikafanya kazi. Mchana wa kwanza, sanduku lilibofya chini ya kitambaa, baba akageuza gazeti, na kule nyuma ya jiko herufi za rangi ya chungwa zikatokea kwa skrini ya mama. Dada alikuwa ameandika Kikipsigis, mistari minane. Mtoto ni msichana. Anatembea, anakimbia hata. Anapenda maziwa. Mama hakulia. Alivuta kiti, akasoma kwa kidole kama anavyosoma Biblia, akafika mwisho, akaanza tena juu. Nikatoka nje nikamwacha.

Sasa nikuambie furaha yangu mimi. Furaha yangu ilikuwa kujua kwamba yule mama wa posta amevaa vile vidude vyake vya masikioni, anasikiliza, na anachosikia ni mlio. Umewahi kusikia modemu, vidude vya kuunganisha kompyuta kwa simu, zikisalimiana? Ni kama mbuzi anayechinjwa ndani ya debe. Maneno yote ya dada yangu yalikuwa yanapita hapo, mbele ya masikio yake, habari za mtoto, habari za kazi, na hakuweza kuokota hata moja. Siku moja tukakutana sokoni akichagua kabichi. Akaniuliza mbele ya watu, "Kijana, hiyo mashine yenu inalia hivyo, ni mgonjwa?"

"Iko salama kabisa, mama. Inasema mambo matamu sana. Pole wewe husikii."

Wauza kabichi waliangua kicheko. Watu walikuwa wanamjua. Aliweka kabichi chini, akaenda bila kununua. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi kama mtu aliyelipwa bonasi ya chai.

Baada ya hapo akaanza kutukatiza. Barua ikiwa katikati, anaingia: "Halo? Halo? Mnaongea?" Sauti ya mtu ikiingia kati ya modemu mbili, zinachanganyikiwa na laini inakufa. Mara nyingine alichomoa waya kabisa. Sasa nikiwa mtu mzima najua opareta alifundishwa kuangalia laini, na akisikia kelele akate ili mteja asipate hasara. Wakati huo nilijua kitu kimoja tu, kwamba ananifanyia makusudi. Barua za dada zikaanza kufika vipande, na nyingine hazikufika.

Huku nyumbani, mambo yalikuwa yanasogea. Mama, akiwa na zile habari tumboni, alipata nguvu. Jumapili moja baada ya chakula alimwambia baba wazi kwamba msichana anaomba kurudi kuwasalimia, na mtoto anaomba kumwona babu yake. Hakusema amejuaje. Siku nne zikapita. Siku ya tano, akiwa ananawa mikono, akasema bila kutuangalia, "Aniulize yeye mwenyewe. Kwa mdomo wake, si kwa mtu mwingine. Nitamjibu."

Wewe usiyemjua baba yangu utasema hiyo si ahadi. Sisi tuliomjua tulielewa, mama hata alikaa chini. Hilo lango lilikuwa limefunguka nusu. Niliandika kwa mashine maneno ya mama vile alivyoyasema: piga simu, muulize, atakubali, usiogope. Jibu la dada lilikuja kwa vipande viwili. "Kwa simu? Na yule mama akisikiliza?" Halafu, "Nipe siku chache. Nitawaandikia ni lini." Kwa hivyo sote tulikuwa tunangoja hiyo barua. Mama alikuwa anaingia kwa kile chumba mara kumi kwa siku, anaangalia skrini, anatoka.

Alhamisi, sanduku lilijaribu kuchukua barua. Likakatwa. Likajaribu mara tatu, likatulia kama nilivyoliagiza. Nikaliamsha tena, likakatwa tena. Mpaka jua linaanza kushuka hatukuwa tumepata kitu. Niliinua simu.

"Mama, kwa nini unatukata?"

"Laini yenu ina kelele mbaya. Mimi nawaokoa tu."

"Tumekuomba utuokoe?"

 Halafu, kwa ile sauti yake laini, ile ile ya Jumatano ya zamani, akauliza, "Na msichana wenu, hajambo?"

 Alithubutu! Nikamwambia, "Dada yangu usimtaje na huo mdomo," nikabamiza simu hata kengele ndani ikalia yenyewe. Ijumaa sikugusa sanduku, nilikuwa zamu ndefu. Lakini nilikuwa nimeamua.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, niliingia sebuleni baba akiwa bado anakamua. Nikainua kitambaa, nikatoa disketi, nikaenda nayo kwangu. Nikafungua kile kidude, nikatafuta ule mstari. Nikafuta tatu, nikaandika sufuri. Chini yake kulikuwa na mstari wa kungoja kati ya simu moja na nyingine. Nikaandika sekunde tano. Nikarudisha disketi, nikawasha sanduku, nikasubiri mpaka nikasikia kubofya, mlio, kukatwa, kimya, kubofya tena. Mama alikuwa mlangoni na ndoo.

"Leo atanikoma," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe ngoja tu, mama."

Nilitembea kwenda kiwandani nikiwa mwepesi. Kila baada ya dakika nilikuwa nahesabu moyoni, taa, taa, taa. Saa ya chai nilimwambia mwenzangu wa tai. Nilitegemea acheke. Alikoroga chai yake, akasema, "Na mtu akitaka kuwapigia ninyi, atapita wapi?"

"Nani hutupigia? Dada anaandika kwanza. Siku zote anaandika kwanza."

"Na kama hiyo barua imekwama?" akauliza. Nikamwambia aache kuwa na roho ya mazishi. Tukarudi kazini. Majani yalikuwa mengi siku hiyo, magari yalipanga foleni mpaka barabarani, na ninakiri kwamba nilisahau kila kitu isipokuwa raha yangu.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja hivi. Baba alikuwa amekaa sebuleni, kiti amekivuta karibu na simu. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Jumamosi! Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa na mke wangu. Sikumuuliza kwa nini, lakini niliona viatu vimepigwa rangi. Chini ya kitambaa sanduku lilikuwa linabofya, linalia, linanyamaza, linabofya.

"Hiki kitu chako cha radi," baba akasema, "leo kina wadudu."

Kabla sijajibu nikasikia hodi langoni. Nikatoka. Alikuwa opareta. Sijawahi kumwona kwetu kabla ya siku hiyo. Kutoka sokoni mpaka kwetu ni mlima wa saa nzima, na mvua ilikuwa imenyesha. Viatu alikuwa amevishika mkononi na matope yamemfika magotini. Nilisimama katikati ya lango. Nilidhani amekuja kupigana, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Nataka mzee," akasema. Hakuniangalia mara ya pili.

Baba alimkaribisha ndani. Walisalimiana vizuri, chamgei, chamgei mising, kama watu. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni akijipangusa mikono. Opareta alitoa karatasi ndogo ya posta aliyokuwa ameiandika, akaishika lakini hakuisoma.

"Mzee, nimekuja kwa miguu kwa sababu simu yenu imekuwa bize tangu saa mbili asubuhi," akasema. "Msichana wenu amepiga. Mara ya kwanza saa nne. Amepiga mara nne. Alikuwa hapa karibu, Sotik, kwa simu ya kibanda, yeye na mtoto. Alitaka kuongea na wewe."

 Sanduku likabofya.

"Nimemwambia ni bize, angoje. Nimeingia kwa laini kuwaita, halo, halo, ni kelele tu, hakuna mtu. Nikitoa waya ili niwapigie kengele, taa inawaka tena kabla sijafika. Siku nzima nimefanya hivyo. Mara ya nne akaniuliza, hiyo ni bize ya kuongea, au ni taa inawaka na hakuna mtu? Nikamwambia, taa inawaka na hakuna mtu."

Lazima nieleze hapa, kwa sababu yeye hakuhitaji kutuelezea. Baba yangu alikuwa na tabia moja inayojulikana mpaka kwa kamati ya chai. Mtu akimchosha, haongei naye wala hamkatii. Anaulaza mkono wa simu mezani, pembeni, na kwenda shambani. Huko posta taa inawaka na hakuna mtu. Tangu tukiwa watoto tulijua maana yake. Hiyo ndiyo "hapana" yake.

"Akasema, basi, baba amenijibu," opareta akamalizia. "Nikamwambia ngoja kidogo, nikifunga kazi nitapanda mwenyewe niwaambie. Akasema hapana, usijisumbue. Gari la Nairobi likaja saa tisa, akapanda. Lakini akasema niwaambie mtoto tangu asubuhi anauliza kogo yuko wapi. Amemfundisha hilo neno." Kogo ni nyanya. Mama aliingia jikoni.

Baba alinigeukia. Hakupandisha sauti. "Hicho ni cha radi?"

"Hapana, baba."

"Ni cha nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimesimama mbele ya yule mama wa matope. Barua, waya, chumba cha mama. Halafu nikamwambia habari ya leo, ya sufuri, na kwamba nilitaka kumkomesha huyu aliyekaa hapa. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akatoa kitambaa, akakikunja vizuri, akachomoa waya wa umeme kwa ukuta. Kukawa kimya kabisa, ndipo nikajua ile kelele ilikuwa kubwa namna gani.

"Mletee mama maziwa," akaniambia. "Ametembea."

Kwetu, anayekuletea habari ya mtoto wako hatoki bila kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na mtoto wa kiume wa boma ndiye anammiminia. Nilichukua kibuyu. Nikakitikisa, nikammiminia yule mwanamke kikombe kimejaa, nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alikunywa polepole. Nilisimama mbele yake na kibuyu kama mtumishi, nikingoja kuona kama anataka kingine. Alitaka. Nikamimina tena.

Barua ya Alhamisi tuliipata Jumatatu, nilipoliwasha tena sanduku, opareta akikaa kimya dakika zote bila kuingia hata mara moja. Ilisema atapiga Jumamosi saa nne akiwa Sotik, mwambieni baba akae karibu. Nilimwandikia nikakiri. Nilimwandikia mara nyingi. Alinijibu mara moja: "Nimekuelewa. Lakini nilisimama pale saa tano nzima na mtoto, nikamwambia babu yako hatutaki. Sasa nitaanzaje kumwambia tofauti?" Baba alisema afadhali apige tu. Hakusema zaidi ya hapo, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kumpigia mtoto.

Yule mama bado namchukia. Alichofanya ile Jumatano alikifanya, na hajawahi kukikiri, na nikimwona sokoni navuka upande wa pili. Lakini baba alivaa koti Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, akakaa karibu na simu mpaka jua likashuka, na mimi nilikuwa nakaa naye, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha kidole.